Kikombe cha Kila Mnywaji: Ushauri Kuhusu Kupika na Kunywa Chai

Chai ya Afrika Mashariki hupikwa. Hilo ndilo linaloitenga desturi ya nyumba nyingi za Kenya, Tanzania na Uganda na ile ya Uingereza, ambako majani hutiwa katika birika, yakamiminiwa maji ya moto na kuachwa yatulie, kisha kila mtu akajiongezea maziwa na sukari kwa kadiri apendavyo. Katika Afrika Mashariki maji, majani, viungo, maziwa na mara nyingi hata sukari huingia katika sufuria moja, vikachemka pamoja, vikachujwa na kuhifadhiwa katika chupa ya chai, na kutoka hapo kila mwanafamilia na kila mgeni humiminiwa kinywaji kilekile. Upishi wa namna hiyo una ubora wake, kwa kuwa hutoa chai nzito, iliyokolea rangi na kuingia viungo barabara. Lakini pia humpa mpishi mamlaka ya kuamua, kwa niaba ya watu watano au kumi, utamu, ukali na maziwa kiasi gani viingie mwilini mwa kila mmoja wao. Ushauri unaotolewa hapa umejengwa juu ya hoja moja: mfuatano wa kutia vitu sufuriani, yaani kipi kianze, kipi kifuate na kipi kisitiwe humo kabisa, ndio unaoamua kama chai itamfaa kila mnywaji au itamfaa aliyeipika peke yake.

Mapendeleo ya watu ni mengi na hakuna lililo kosa. Katika nyanda za juu za Kenya familia nyingi hupika maziwa na maji nusu kwa nusu, na penye ng'ombe wa kutosha maziwa hupita maji. Pwani na visiwani chai ya rangi, ambayo ni chai isiyotiwa maziwa na ambayo wengine huiita mkandaa au sturungi, ina heshima yake kamili, hasa ikipikwa kwa iliki, mdalasini na karafuu. Huko Oman na katika nchi nyingine za Ghuba, ambako wapo wasemaji wengi wa Kiswahili wenye asili ya Zanzibar, hupendwa chai ya karak, ambayo huchemshwa kwa muda mrefu pamoja na iliki na maziwa mazito ya kopo. Mpishi anayewajua walaji wake hana sababu ya kuchagua upande mmoja na kuupuuza mwingine, kwa maana chai ya rangi iliyopikwa vizuri ndiyo msingi wa chai zote hizo, na maziwa yanaweza kuongezwa katika sehemu yake tu.

Majani yenyewe hutoka katika mmea mmoja, Camellia sinensis, ambao ulipandwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1903 huko Limuru, na ambao leo unafunika vilima vya Kericho, Nandi, Mufindi, Rungwe na Usambara. Chai nyeusi hupatikana kwa kuponda jani bichi na kuuacha utomvu wake ukutane na hewa, hatua ambayo viwandani huitwa uchachushaji ingawa hakuna hamira wala chachu yoyote inayohusika. Hewa hiyo ndiyo inayoligeuza jani la kijani kuwa la kahawia na kuzaa rangi nyekundu na ukali ambao mnywaji huufahamu. Sehemu kubwa ya chai ya Afrika Mashariki hutengenezwa kwa mtindo unaoandikwa kwa herufi CTC, ulioanzia Assam nchini India katika miaka ya 1930, ambapo jani hupitishwa kati ya magurudumu yenye meno yanayolikata, kulirarua na kulikunja hadi likawa chembe ndogo ngumu. Maelezo haya ya kiwanda yana faida jikoni. Chembe ndogo hutoa rangi na ukali wake upesi mno, kwa hiyo dakika mbili hadi nne za kuchemka zinatosha, na anayeziacha juu ya moto robo saa akidhani anaongeza ladha huwa anaongeza ukakasi tu, ule mkauko wa ulimi na fizi unaoletwa na tanini, kundi la kemikali za jani ambalo litarudiwa hapa chini kwa sababu nyingine. Anayetaka chai kali na aongeze majani, asiongeze muda. Kipimo cha kuanzia ni kijiko kidogo kimoja kilichojaa kwa kila vikombe viwili, na baada ya hapo kila nyumba ifuate ulimi wake.

Majani makavu hunyonya harufu za jirani kwa urahisi wa kushangaza, na hapo ndipo chai nyingi nzuri huharibikia, kwani pakiti iliyofunguliwa huwekwa rafu moja na sabuni, vitunguu au kibuyu cha mafuta ya taa. Kopo lenye mfuniko unaokaza, mbali na jua na mvuke wa jiko, linatosha.

Maji yanastahili uangalifu zaidi ya ule ambao kwa kawaida hupewa. Mjini Dar es Salaam na Mombasa, usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi, lakini kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo kiwango hicho kinavyoshuka, takriban nyuzi moja kwa kila mita 300, hivyo kwamba mjini Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, maji huchemka kati ya nyuzi 94 na 95, na Kericho chini ya hapo. Jani lililomiminiwa tu maji ya birika katika miinuko hiyo hutoa chai hafifu kuliko lile la pwani, na huenda desturi ya kuyapika majani motoni inaonja vizuri zaidi huko milimani kwa sababu hiyo, kwa kuwa moto unaoendelea hufidia nyuzi zilizopungua. Maji ya visima vyenye chokaa nyingi nayo huleta rangi iliyofifia na utando mwembamba unaoelea juu ya kikombe. Utando huo haudhuru, ila wasioupenda watumie maji ya mvua au wadondoshee chai ya rangi matone ya ndimu.

Jambo zito zaidi ni madini ya floraidi. Katika maeneo ya Bonde la Ufa, Arusha na sehemu za pembezoni mwa Mlima Meru na Mlima Kilimanjaro zikiwamo, baadhi ya vyanzo vya maji vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani huelekeza kisipitwe, na mmea wa chai kwa tabia yake huvuta floraidi kutoka udongoni na kuikusanya katika majani. Kikombe cha chai kali iliyopikwa kwa maji ya namna hiyo hubeba mizigo miwili kwa pamoja. Kuchemsha hakuondoi floraidi, bali maji yanapopungua kwa mvuke ile iliyobaki huwa imekolea zaidi. Watoto ambao meno yao ya utu uzima bado yanajijenga ndani ya ufizi ndio wanaodhurika kwanza, wakabaki na madoa ya kahawia ya maisha, na mtoto wa maeneo hayo afadhali apewe maziwa, uji au chai ya mchaichai iliyopikwa kwa maji ya mvua kuliko chai ya majani kila asubuhi.

Sasa sufuria iinjikwe. Tangawizi ndiyo inayoanza, na sababu yake inafaa ijulikane na kila mpishi ambaye maziwa yake yamewahi kukatika bila yeye kujua kosa liko wapi. Ndani ya tangawizi mbichi mna kimeng'enya, yaani protini yenye kazi ya kuchochea mabadiliko ya kikemikali, ambacho hukatakata protini za maziwa na kuyafanya yagande. Nguvu yake huwa kubwa zaidi maziwa yanapofikia nyuzi 60 hadi 70, yaani wakati ule yanapopata moto kabla hayajachemka. Wapishi wa Guangdong, kusini mwa China, hukitumia kimeng'enya hichohicho kwa makusudi, wakimimina maziwa ya moto juu ya maji ya tangawizi ili yagande yawe kitamutamu laini cha kuliwa kwa kijiko. Mpika chai hataki matokeo hayo, na dawa yake ni nyepesi: tangawizi iliyotwangwa au kukwaruzwa, kipande cha ukubwa wa kidole gumba kwa lita moja, ichemke katika maji matupu kwa dakika tano, kwa kuwa joto la kuchemka hukiua kimeng'enya na kuiacha harufu na muwasho mtamu vikiwa salama. Maziwa yakija baadaye hayatakuwa na adui, isipokuwa yawe yalikwisha kuchacha tangu mwanzo, jambo ambalo ni rahisi kulijua kwa kuchemsha kijiko chake kimoja pembeni.

Viungo vigumu, yaani mdalasini, karafuu na pilipili manga, huingia pamoja na tangawizi maana vinahitaji muda. Iliki hupondwa na kutiwa dakika moja au mbili kabla ya majani, kwani harufu yake hupotea na mvuke. Nanaa hutupwa mwishoni kabisa moto ukiwa umezimwa. Karafuu isizidi mbili au tatu kwa lita, kwa sababu inapozidi huimeza harufu nyingine yoyote. Mchaichai, ile nyasi yenye harufu ya ndimu ioteshwayo karibu na mlango wa jikoni, unaweza kupikwa bila majani ya chai kabisa, na kwa kuwa hauna kafeini ndio kinywaji cha jioni kinachowafaa watoto na wale wanaokosa usingizi.

Baada ya viungo hufuata majani, dakika mbili hadi nne, na hapo chai ya rangi iko tayari. Mpishi mwenye watu wa aina mbili ndani ya nyumba na achuje kwanza sehemu ya wale wasiotaka maziwa, kisha amimine maziwa kwa waliobaki na kuirudisha sufuria motoni. Protini za maziwa hushikamana na tanini na kupunguza ukakasi, ndiyo maana chai inayokusudiwa kutiwa maziwa hustahimili majani mengi zaidi. Maziwa mabichi ya ng'ombe sharti yafike kuchemka kabisa, yapande na kushushwa, kwani vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya ugonjwa wa brusela hupatikana humo, na rangi ya majani iliyokwisha kuenea humdanganya mpishi kwamba chai imeiva ilhali maziwa yalipata uvuguvugu tu. Ile desturi ya kuichota chai kwa upawa na kuimimina kutoka juu wakati inapopanda ina maana yake, kwa sababu huvunja ngozi ya mafuta na protini inayozuia mvuke na kuifanya sufuria ifurike. Maziwa ya unga yakorogwe kwanza kwa maji ya uvuguvugu pembeni, yasinyunyizwe juu ya chai inayochemka, la sivyo yatajikusanya madonge. Ndimu ni ya chai ya rangi peke yake. Humo huifanya rangi iwe nyepesi na kung'aa, lakini ndani ya maziwa asidi yake huyakata papo hapo.

Kinachobaki ni sukari, na hapa ushauri unakuwa mkali kuliko mahali pengine popote: sukari isitiwe sufuriani, wala isitiwe ndani ya chupa. Iletwe mezani katika bakuli lake, na kijiko kikavu kando. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 ulielekeza kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, na kwamba kushuka chini ya asilimia 5 kungeleta manufaa zaidi. Kwa mtu mzima wa kawaida kiwango hicho cha pili ni kama gramu 25, ambazo ni vijiko vidogo sita. Mwenye kunywa kikombe chenye vijiko vitatu asubuhi na kingine jioni amekwisha kukifikia kabla ya kuonja andazi, soda au kipande cha keki. Chai iliyotiwa sukari jikoni haimpi nafasi hata ya kujua amekunywa kiasi gani.

Lipo pia suala la adabu, nalo haliwezi kuachwa kando. Mgeni aliyemiminiwa kikombe chenye sukari tayari, naye ana kisukari, hubaki na njia mbili ambazo zote zinamuumiza: ama anakinywa kwa kuona haya kumkatalia mwenyeji, ama analazimika kuueleza ugonjwa wake mbele ya watu ambao hakukusudia kuwaeleza. Bakuli la sukari likiwa mezani, hakuna anayeulizwa wala kujieleza. Ukarimu wa kweli ni kumwachia mtu uamuzi huo, na wenyeji wanaoogopa kwamba chai isiyo na sukari itaonekana ya ubahili wanapaswa kuondokana na hofu hiyo. Waliozoea utamu mwingi hawahitaji kuukata kwa siku moja; wapunguze nusu kijiko, wakae nacho majuma mawili, kisha wapunguze tena, na ulimi utafuata. Asali na sukari guru zina ladha yake nzuri, lakini mwili huzihesabu kuwa sukari kama sukari nyingine, na mwenye kisukari asidanganywe vinginevyo.

Wakati wa kunywa una uzito sawa na namna ya kupika. Tanini iliyotajwa awali hushikamana na madini ya chuma yanayotoka katika vyakula vya mimea, kama maharagwe, mbaazi, mchicha na nafaka, na kuyafanya yapite tumboni bila kufyonzwa. Chai nyeusi iliyonywewa pamoja na mlo yaweza kupunguza ufyonzwaji huo kwa zaidi ya nusu, na kuitia maziwa hakubadilishi mengi. Kifungua kinywa kipendwacho Mombasa na Lamu, mahamri na mbaazi za nazi kwa chai ya moto, ni mfano wa wazi wa mlo wenye chuma unaonyang'anywa chuma chake mezani palepale. Hakuna haja ya kuuacha. Inatosha kula kwanza na kuichelewesha chai kwa muda wa saa moja, au kuweka kando ya sahani tunda lenye vitamini C, kama chungwa au pera, ambayo husaidia chuma kufyonzwa. Mama mjamzito aliyepewa kliniki vidonge vya kuongeza damu avimeze kwa maji na kuitenga chai mbali navyo, na ajue pia kwamba kafeini ya siku nzima inashauriwa isivuke kiwango fulani: mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilikitaja mwaka 2015 kuwa miligramu 200, nacho kikombe kimoja cha chai huwa na miligramu 30 hadi 50 kwa makadirio, ya sturungi kali ikipita hapo. Kwa watoto wadogo chai kavu na mkate mkavu visihesabiwe kuwa chakula cha asubuhi. Uji wa lishe au yai lina nafasi hiyo.

Joto la kikombe ndilo jambo ambalo wanywaji wa Afrika Mashariki wanalipuuza zaidi, kwa kuwa chai isiyounguza huonekana imepoa. Mwaka 2016 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, uliainisha unywaji wa vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, kuwa unaoelekea kusababisha saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Eneo linaloanzia Ethiopia, likapita Kenya na Tanzania hadi kusini mwa bara, ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye wagonjwa wengi wa saratani hiyo, na watafiti waliopima joto la chai za watu mkoani Kilimanjaro waliona kwamba wengi huanza kunywa ikiwa juu ya nyuzi hizo. Chai ya maziwa iliyopikwa pamoja ina hatari yake ya pekee, kwa kuwa haijapozwa na maziwa baridi kama ile ya mtindo wa Kiingereza, na inapotoka katika chupa nzuri huwa bado inakaribia moto wa sufuria. Ushauri ni kuimimina na kuiacha dakika tano au zaidi, hadi midomo iguse ukingo wa kikombe bila kushtuka. Wazee wa pwani walioimimina chai yao katika kisahani na kuinywa kidogo kidogo walikuwa wakifanya jambo la busara, na vijana wanaokatazwa kisahani kwa hoja ya ustaarabu wanakatazwa bila haki.

Mwisho ni chupa yenyewe. Chai ichujwe kabla ya kuingia humo, kwani majani yakibaki ndani huendelea kutoa ukakasi saa zote. Chai ya maziwa ikishuka chini ya nyuzi 60 huanza kuwa malisho ya vijidudu, kwa hiyo ile ya asubuhi isingojewe hadi jioni, wala chai mpya isimiminwe juu ya mabaki ya ile ya zamani, mazoea yanayoonekana mara nyingi katika ofisi na misibani ambako chupa hujazwa tena na tena bila kuoshwa. Utando wa kahawia unaojijenga ndani ya kuta, ambao ni tanini iliyoganda, hutoka kwa kijiko cha soda ya kuokea katika maji ya moto yaliyoachwa usiku mmoja. Asubuhi chupa isuuzwe mara mbili, igeuzwe mdomo chini hadi ikauke, na kizibo chake kioshwe peke yake kabla ya kurudishwa.